Mkono wa Kushoto: Tarihi ya Klachi ya Pikipiki Ndogo

Miongoni mwa viungo vyote vya pikipiki hapana kimoja kinachotumiwa sana na kutajwa kidogo kama klachi. Injini husifiwa kwa nguvu zake, tangi kwa rangi yake, na magurudumu kwa mbio zake. Lakini klachi hukaa gizani, ndani ya kifuniko cha chuma, imelowa mafuta, na kazi yake ni kuunganisha na kutenganisha tu. Ikishika, nguvu ya injini hufika katika gurudumu la nyuma. Ikiachia, injini huzunguka peke yake na gurudumu hustarehe. Baina ya hali hizi mbili ipo ya tatu, ambayo si kushika wala kuachia, ambamo pleti zake huteleza na kukamatana kwa wakati mmoja. Hali hiyo ni nyembamba kama makali ya upanga, nayo ndiyo iliyozaa mchezo mzima wa vijana wainuao gurudumu la mbele hewani na kwenda juu ya moja. Kwa sababu hiyo tarihi ya klachi ya pikipiki ndogo ni tarihi ya mkono wa kushoto wa mwendeshaji: jinsi ulivyopewa kazi, jinsi ulivyopumzishwa, na jinsi ulivyoirudia kazi ile kwa hiari yake wenyewe.

Vyombo vya mwanzo havikuujua msaada huu. Mwaka 1885, huko Cannstatt katika Ujerumani, Gottlieb Daimler na Wilhelm Maybach walitengeneza chombo cha mbao chenye injini ya petroli, ambacho aghalabu huhesabiwa kuwa babu wa pikipiki zote. Miaka tisa baadaye, mwaka 1894, Hildebrand na Wolfmüller wa Munich walianza kutengeneza kwa wingi na kuuza pikipiki ambayo pistoni zake zilifungwa moja kwa moja katika gurudumu la nyuma kwa vyuma virefu, kama vile gari moshi linavyoendeshwa. Gurudumu lilipozunguka injini ilizunguka, na gurudumu liliposimama injini ilikufa. Aliyetaka safari hakuwa na budi kukisukuma chombo huku akikimbia, na injini ilipoitika alirukia kitini kabla hajaachwa nyuma. Aliyetaka kusimama njiani alijua kwamba kuondoka tena ni kuanza upya taabu ile ile.

Hali haikuwa njema sana hata katika karne iliyofuata. Mashindano maarufu ya Kisiwa cha Man yalipoanza mwaka 1907, pikipiki nyingi zilizoshindana zilikuwa na mkanda mmoja, mwendo mmoja, na kanyagio za baiskeli za kumsaidia mwendeshaji pale mlima ulipoishinda injini. Mwaka uliofuata kanyagio hizo zilipigwa marufuku, na injini ikaachwa ijitetee yenyewe. Mwaka 1911 mashindano yakahamishiwa katika njia ndefu ipandayo mlima wa Snaefell, na hapo mambo yakageuka. Kampuni ya Indian ya Marekani ilileta pikipiki zenye mnyororo badala ya mkanda, gea mbili, na klachi. Katika mbio kuu za mwaka ule nafasi ya kwanza, ya pili na ya tatu zote zilichukuliwa na Indian. Waliokuwa wakiidharau klachi kama mzigo wa bure wakaona kwa macho yao kwamba mlima haushindwi kwa nguvu peke yake, bali kwa nguvu iliyogawanywa kwa kipimo.

Kutoka hapo umbo la klachi likatengenea pole pole hata likafikia hili lijulikanalo leo. Ndani ya kikombe cha chuma hupangwa pleti za namna mbili, moja baada ya nyingine. Za kwanza zimevikwa kitu cha kukwaruza, ambacho zamani kilikuwa gamba la mti wa koki. Hizi huzungushwa na injini. Za pili ni za chuma kitupu, nazo huzungusha gea. Springi huzibana zote pamoja, na mwendeshaji akivuta mkono wa klachi springi hulegezwa, pleti zikaachana. Ilichukua miaka mingi kukubaliana ni kiungo gani cha mwili kipewe kazi hiyo. Pikipiki nyingi za Marekani zilikuwa na klachi ya kukanyagwa kwa mguu wa kushoto hata baada ya Vita Vikuu vya Pili. Mwishowe mkono wa kushoto ndio uliotawazwa karibu kila mahali. Mkono ambao katika mila nyingi hunyimwa salamu na chakula ukapewa amana ya kuamua kiasi gani cha nguvu kipite, na lini.

Lakini amana ni mzigo, na si kila mtu aliyetaka pikipiki alitaka kufundishwa kazi ya mkono huo. Jambo hili lilitambuliwa na watu wawili wa Japani, Soichiro Honda, aliyeasisi kampuni yake mwaka 1948, na Takeo Fujisawa, aliyejiunga naye mwaka uliofuata akashika upande wa biashara. Mwaka 1956 walisafiri pamoja Ulaya, wakavitazama vyombo vidogo vya magurudumu mawili vilivyojaa mijini huko, wasione hata kimoja kilichofaa barabara za kwao, ambazo nyingi zilikuwa bado hazijatiwa lami. Fujisawa alitaka chombo kitakachoweza kuendeshwa kwa mkono mmoja na kijana apelekaye tambi za soba majumbani. Kijana wa kazi hiyo alizoea kupita barabarani juu ya baiskeli, mkono mmoja katika usukani, na mwingine umebeba sinia la mabakuli begani. Kumpa pikipiki yenye klachi ya mkono kulikuwa ni kumwambia amwage mchuzi.

Jibu lilitoka mwezi wa Agosti 1958, likaitwa Super Cub C100. Injini yake ilikuwa ya sentimita 49 za ujazo, yenye gea tatu, na bei yake ilikuwa yeni 55,000. Klachi yake haikuwa na mkono wala waya. Ndani yake mlikuwa na vizito vidogo. Injini ilipozunguka pole pole vilitulia, na ilipoongeza kasi vilitupwa nje kwa mzunguko huo vikazibana pleti, chombo kikaondoka. Mguu ulipokanyaga ili kubadili gea, kanyagio lile lile liliachanisha klachi kwa nafasi iliyohitajiwa. Mkono wa kushoto ukawa huru kubeba sinia. Watu ambao hawakupata kuwa na chombo cha moto wakakipata: wauza duka, waalimu, wakunga, wakulima.  Na mwezi wa Oktoba, mwaka 2017, hesabu ya pikipiki za ukoo wa Super Cub zilizotengenezwa ilitimiza milioni 100, jumla ambayo hapana chombo kingine cha injini kilichopata kuifikia. Yasingekuwa rahisi hayo yote kama kila mnunuzi angalilazimika kwanza kuijua ile hali ya tatu ya klachi.

Wepesi huo ulikuwa neema kwa mwenye kazi. Kwa mwenye kucheza ulikuwa jambo jingine. Mwaka 1961 Honda ilifungua bustani ya michezo iitwayo Tama Tech, karibu na Tokyo, na kwa ajili ya watoto ikatia injini ya Super Cub katika kipikipiki chenye magurudumu madogo mno. Watu wazima walipokipanda, magoti yao yalipanda hata yakakaribia viwiko, wakaonekana kama nyani. Kikaitwa Monkey, yaani nyani, na jina likadumu. Kizazi cha vipikipiki hivi kilienea Japani, Ulaya na Marekani, na pamoja nacho likaja jambo ambalo wahandisi hawakuliagizia: watu wazima hawakukubali kuwaachia watoto. Walikinunua kwa kuwa ni rahisi, ni chepesi, na kikianguka hakimvunji mtu kwa uzito wake. Kisha wakaanza kukilaumu kwa kukosa kile kile ambacho Super Cub ilisifiwa kwa kukiondoa. Mwaka 1970 Honda yenyewe ilikubali nusu ya lawama hiyo, ikauza Marekani kipikipiki chake cha CT70 kwa namna mbili, moja ya gea tatu na klachi ya kujiendesha, na nyingine, CT70H, ya gea nne na klachi ya mkono.

Ili kuelewa lawama hiyo inafaa kutazama kwanza jinsi gurudumu la mbele linavyopanda. Injini inapolisukuma gurudumu la nyuma kwa ghafula, chombo hutaka kwenda mbele upesi kuliko uzito wake unavyopenda kufuata. Uzito huo, ambao umekaa juu ya ardhi, hubaki nyuma, na pua ya pikipiki huinuka. Kadiri pua inavyopanda ndivyo msukumo unaohitajiwa unavyopungua, mpaka pafikiwe mahali ambapo uzito wote umesimama sawasawa juu ya gurudumu la nyuma. Hapo ndipo penye mizani. Akiwa chini ya mizani, mwendeshaji hudai nguvu; akiipita, hudai breki ya nyuma, nayo humrudisha chini mara moja. Pikipiki kubwa huinuka kwa kufunguliwa moto tu, pengine bila ya mwenyewe kukusudia. Ndogo haiwezi. Injini ya sentimita 49, au hata ya 125, haina wingi wa nguvu wa kuitikia hivyo ila katika gea ya kwanza, na pengine hata humo inasita. Dawa yake ni moja: klachi huvutwa kidogo, injini ikapewa kasi huku gurudumu likisubiri, kisha mkono huachia kwa upesi uliopimwa. Kasi iliyokuwa imewekwa akiba katika vyuma vizito vya injini humiminika yote kwa mkupuo, na gurudumu la mbele hupaa.

Ndipo mtu aonapo kwa nini klachi ya kujiendesha haikufaa. Vizito vyake hushika pale kasi inapofika kiasi kilichowekwa kiwandani, wala havingoji shauri la mtu. Akiba haiwekwi. Tena, lililo kubwa zaidi, mwenye kupanda juu kupita kiasi hana mkono wa kuvuta ili aikate nguvu mara moja. Hutegemea kufunga moto na kukanyaga breki tu. Klachi ya mkono humpa mwanafunzi mambo mawili kwa pamoja, ufunguo wa kupandia na kamba ya kushukia. Waliozibadili klachi zao hawakutafuta fahari. Walitafuta mahali pa kuushikia mchezo.

Michezo yenyewe ilikuwa imekwisha kuonyesha mipaka yake mipya. Mwaka 1984 Mmarekani Doug Domokos alikwenda juu ya gurudumu la nyuma mwendo wa maili 145, zaidi ya kilomita 230, katika uwanja wa mbio wa Talladega, Alabama. Mwaka 1991 Yasuyuki Kudo wa Japani aliupita umbali huo kwa kwenda kilomita 331 bila ya kugusa chini kwa gurudumu la mbele. Umbali kama huo hauendwi kwa ubavu. Huendwa kwa mtu kuikaa mizani kwa saa nyingi, akisahihisha kosa dogo kabla halijawa kubwa. Vijana waliosikia habari hizi hawakuwa na viwanja vya mbio. Walikuwa na vipikipiki vyao, na gereji.

Gereji zikazaa biashara. Nchini Japani kampuni kama Takegawa na Kitaco zilijifunga kutengeneza viungo vya kuzidishia nguvu pikipiki ndogo za Honda. Desturi iliyoenea ilikuwa kuitoa silinda ya sentimita 49 na kutia ya 88. Nguvu ziliongezeka, na papo hapo klachi ya asili ikaanza kuteleza, maana ilipimwa kwa mzigo wa sinia la tambi, si kwa mzigo huo mpya. Hapo mafundi wakajifunza kwa vitendo yale ambayo vitabu husema kwa hesabu: kwamba nguvu ya klachi ya kushika hutokana na mambo manne, yaani ukali wa vile vitu vya kukwaruza, ukubwa wa mbano wa springi, upana wa pleti, na idadi ya nyuso zinazogusana.

Njia ya springi kali ndiyo iliyopendwa kwanza, kwa kuwa ni ya bei ndogo na hufanyika kwa muda wa alasiri moja. Lakini ina kodi yake. Springi kali huudai mkono, na mkono uliochoka hauipati tena ile hali ya tatu. Hushika yote au huachia yote, na mchezo hugeuka mieleka. Njia ya pili ni kuongeza pleti ndani ya kikombe chenye nafasi kubwa zaidi. Kila pleti ya kukwaruza huleta nyuso mbili, na kwa hiyo kushika huongezeka bila ya mkono kuongezewa mzigo. Hii ni ghali kuliko ile ya kwanza, lakini ndiyo iliyowapendeza walimu wa mchezo. Njia ya tatu ni kubadili kitu chenyewe cha kukwaruza, kitiwe kinachostahimili joto. Kwani kuinua gurudumu mara mia katika siku moja ni kuzichoma pleti mara mia, na fundi aifunguaye klachi iliyoonewa hukuta pleti za chuma zimegeuka rangi ya samawati na nyuso za kukwaruza zimekuwa laini kama kioo. Mafuta nayo yana neno. Yale yaliyotengenezwa kwa motokaa, yenye dawa za kuteleza, huifanya klachi iliyooga ndani yake iteleze pia; kwa sababu hiyo Wajapani waliweka, mwishoni mwa miaka ya 1990, alama ya JASO MA kwa mafuta yanayofaa pikipiki za namna hii.

Kabla ya hayo yote, hata hivyo, fundi mzoefu hutazama waya. Waya uliokazwa mno huziachanisha pleti kidogo wakati wote, na mwenye pikipiki hununua klachi mpya kwa kosa ambalo lingeondoka kwa kugeuza skrubu. Na fundi mkweli humwambia mteja wake jambo ambalo si tamu kulisikia, kwamba klachi bora haizidishi nguvu hata kidogo. Huzuia tu zilizopo zisipotee. Anayetaka pikipiki ndogo ipande kwa wepesi hupata faida zaidi kwa sproketi ya nyuma yenye meno mengi, ambayo hupunguza mbio na kuongeza msukumo. Wala mambo hayaishi hapo. Kamba hukatikia pembamba: klachi iliyokuwa dhaifu ilikuwa ikiteleza na kuvikinga viungo vingine, ikiisha kuimarishwa, pigo huhamia katika mnyororo, katika meno ya gea, na katika vyuma vinavyobeba krenki.

Viwanda vilikuwa vikitazama. Kawasaki ilipotoa KLX110 yake mwaka 2002, ilikuwa ya watoto, yenye gea tatu na klachi ya kujiendesha. Watu wazima wakaichukua wakaigeuza, na mwaka 2010 kampuni ikaleta KLX110L, ndefu zaidi, ya gea nne na klachi ya mkono. Mwaka 2013 Honda ikatoa, kutoka kiwanda chake cha Thailand, MSX125, ambayo kwingine huitwa Grom: magurudumu ya inchi 12, uzito wa kilo 102 hivi, gea nne, na klachi ya mkono wa kushoto. Injini yake ya kulala ilikuwa ya ukoo ule ule wa Super Cub. Ilikuwa kana kwamba mjukuu amerudishiwa mkono ambao babu yake aliutoa kwa hisani. Katika muda mfupi ikawa ndiyo chuo cha wanaojifunza kuinua gurudumu katika nchi nyingi, na mwaka 2021 ikaongezewa gea ya tano.

Haifai kuificha hasara. Mchezo huu umewaua vijana na kuwavunja wengine, na walio wengi waliumia mahali ambapo hapakuwa pa mchezo, katika barabara ya watu wote. Pikipiki ndogo huwasamehe wanafunzi makosa mengi, lakini huwasamehe wao tu; mtoto avukaye njia hana habari ya mizani wala ya klachi. Ndiyo sababu walimu wema huanza na mguu wa kulia juu ya breki ya nyuma kabla ya kuugusa mkono wa klachi, na huchagua uwanja mtupu kabla ya kuchagua springi. Anayeimarisha klachi yake kabla ya kujua kushuka amenunua ngazi ya upande mmoja.

Tarehe 25 Septemba 2016 Mwingereza Dougie Lampkin, bingwa wa dunia mara nyingi wa mashindano ya kupita mawe na magogo, aliizunguka njia ile ile ya mlima katika Kisiwa cha Man akiwa juu ya gurudumu la nyuma peke yake. Ni njia ya kilomita 60 na zaidi, naye alitumia saa moja na dakika 35. Miaka 105 ilikuwa imepita tangu Indian zilipoupanda mlima wa Snaefell na kuthibitisha kwamba klachi si mzigo. Mashindano yale ya kwanza yalionyesha kuwa nguvu hufaa ikigawanywa. Matembezi ya Lampkin yalionyesha kuwa mgawaji wa mwisho ni mtu. Kijana wa soba alistahili kupumzishwa mkono wake, kwa kuwa alikuwa na sinia la kubeba, na milioni 100 ya vyombo ni ushahidi wake. Lakini aliye na mikono mitupu na hamu ya kujua hapumzishwi. Huutoa mkono wa kushoto, akauweka juu ya chuma, akaanza tena kujifunza palipo ukingo baina ya kushika na kuachia.